Makao ya wazee wenye dimenshia, Nakuru: mchana alama nane, usiku alama tano

Ukifika saa nne asubuhi utayapenda. Ua umefagiwa, wazee wameogeshwa na kukalishwa juani, redio inacheza nyimbo za zamani, na muuguzi mwenye sare safi anakutembeza chumba baada ya chumba. Ndiyo saa ambayo familia nyingi hualikwa kuja kutazama. Rudi saa kumi na mbili na nusu jioni, zamu ya mchana ikishaondoka, utamkuta mhudumu mmoja na wazee kumi na wanne, wengine wakisukuma lango wakitaka kwenda kwao. Makao yale yale, ada ile ile. Tumeyapima kwa saa zote mbili, kwa sababu mtu mwenye dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, mara nyingi huzidiwa jua linapotua: fadhaa hupanda, hamjui aliye mbele yake, anatafuta mlango.

Ni makao ya kulipia viungani mwa Nakuru, nyumba ya zamani ya familia iliyoongezwa vyumba, vitanda 14, yote chini bila ngazi. Jina hatulitaji, na kasoro nyingi zilizo humu utazikuta pia kwingine ukitafuta kuanzia hapa hadi Kisumu na Kakamega. Ada ni shilingi 70,000 kwa mwezi kwa chumba cha wawili, 95,000 kwa chumba cha peke yako. Wazee wenyewe wengi wametoka mbali, Vihiga, Bungoma, Kericho, Siaya; watoto wako Nairobi au ng'ambo, na Nakuru iko katikati ya njia.

Hesabu ya zamu

Utaambiwa kuna wahudumu wanane na wauguzi wawili. Ni kweli, ila walioajiriwa si walio kazini. Wiki ina saa 168. Saa za kawaida za kazi hapa Kenya ni 52 kwa wiki, kwa hivyo kuweka mtu mmoja kazini usiku na mchana bila pengo kunataka watu watatu na kidogo, kabla hujahesabu likizo na ugonjwa. Wahudumu wanane ni wastani wa watu wawili na nusu kwa wakati mmoja. Makao haya yamewagawa wanne mchana na mmoja usiku, pamoja na askari wa lango ambaye hesabu ya wahudumu haimhusu. Muuguzi hulala nyumbani kwake na huitwa kwa simu.

Mmoja usiku hatoshi, hata awe na bidii ya mchwa. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo huanza kuoza kwa kukandamizwa. Kumgeuza bila kumburuta kwenye shuka kunataka mikono minne. Wakiwa wawili tu wa hali hiyo, ni mara kumi na mbili kati ya jioni na asubuhi. Wakati huo huo kuna anayeamka kwenda haja saa nane, na huyo ndiye atakayeanguka mlangoni pa choo, kwa sababu mtu pekee wa kumshika yuko chumba cha tatu akibadilisha shuka.

Dai kuona ratiba ya zamu ya wiki mbili zilizopita, ile yenye sahihi za kuingia na kutoka. Iliyobandikwa ukutani ni ya wageni. Kwa wauguzi, omba leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya na utazame kama muda wake haujaisha. Na siku moja piga simu ya makao saa nne usiku. Aliyeipokea anajua mzee gani amekula na nani hajalala? Au ni askari, anayekwambia upige kesho?

Jengo: mengi mazuri, sakafu mbaya

Vyumba ni vikavu na vina jua. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na usiku wa Julai una baridi ya kuingia mifupani. Kila kitanda kina blanketi mbili nzito, na hakuna jiko la makaa ndani, jambo la kusifiwa, maana moshi wake usioonekana huua watu waliolala. Mabomba ya kujishikilia yako pande zote za choo. Mlango wa choo umepakwa rangi ya samawati peke yake na umechorwa picha ya choo, na hilo ni la maana kuliko linavyoonekana: mtu aliyesahau kusoma bado hutambua rangi na picha. Lango la kutokea nalo limepakwa rangi ile ile ya ukuta, na kitasa hakiko usawa wa macho. Asiyeuona mlango hauendei. Barabara kuu ya Nairobi haiko mbali, kwa hivyo rangi hiyo ina thamani kuliko pambo lolote la bustani.

Sakafu ndiyo imewashinda. Wameweka vigae vinavyong'aa. Kwa macho ya mtu mwenye dimenshia, mng'ao ni maji: atasimama, atakataa kupita, au atanyanyua mguu juu kuvuka dimbwi lisilokuwepo na kuanguka. Zulia jeusi la mlangoni ni shimo. Mhudumu asiyejua hili husema mzee ni mkaidi. Dawa yake haina gharama kubwa: ondoa mazulia meusi, tumia sabuni isiyoacha mng'ao, funga pazia mchana jua linapopiga sakafuni. Kioo kikubwa cha bafuni nacho kifunikwe, maana wengine humwona humo mgeni aliyewaingilia wakiwa uchi, na baada ya hapo kuoga ni vita kila siku.

Maji ya kuoga yanatoka kwenye kichwa cha umeme, kile cha kuwaka papo hapo, ambacho maji yakipungua kasi huchemka ghafla. Maji ya mzee yasizidi nyuzi 43. Kipimajoto cha maji hakipo. Wanapima kwa kiwiko. Stima ikipotea, kuna taa mbili za sola sebuleni na hakuna hata moja njiani kuelekea chooni.

Lugha

Hapa ndipo familia za magharibi mwa Kenya zinapaswa kuuliza maswali mengi kuliko yote, na ndipo huwa haziulizi. Ubongo unapodhoofika, lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kuondoka. Mama aliyezungumza Kiswahili safi sokoni Kibuye miaka thelathini anaweza kubaki na Dholuo peke yake. Mwalimu mstaafu wa Webuye akabaki na Lubukusu. Wahudumu hapa ni watu wema, ila lugha zao ni Kiswahili, Kikuyu na Kikalenjin. Mama anasema pi, akimaanisha maji, wao wanasikia mguno. Anasema kech, njaa, koyo, baridi. Mzee wa Bungoma anaomba kamechi, nao wanampeleka chooni. Asiyeeleweka hupiga kelele, na apigaye kelele huandikiwa dawa.

Waandikie karatasi ya maneno thelathini: maji, njaa, baridi, choo, maumivu, kichwa, tumbo, keti, simama, taratibu, asante, watoto wako salama. Andika neno la lugha ya nyumbani jinsi linavyotamkwa, na Kiswahili chake kando. Ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, si kwenye faili ofisini. Warekodie pia sauti kwenye simu ya zamu.

Majina nayo ni kazi. Hapa kila mama ni shosho, yaani bibi. Mama wa Kijaluo aliyeitwa Nyar Alego, binti wa Alego, maisha yake yote baada ya kuolewa haitiki shosho, na asipoitika wanaandika kwamba hasikii. Mzee aliyefundisha huitika Mwalimu hata baada ya kusahau jina lake. Andika jina analoitikia kwa herufi kubwa juu ya kitanda.

Lipo pia neno ambalo kila mhudumu atalisikia jioni: adwaro dhi dala, nataka kwenda nyumbani. Kumjibu kwamba hapa ndipo nyumbani ni kumwasha moto, kwa sababu anajua dala lake liko wapi na waliozikwa pale ni nani. Mara nyingi neno hilo limebeba kitu kingine: kibofu kimejaa, ana njaa, anaogopa giza, kiatu kinambana. Wahudumu wawili wa mchana hapa wanajua kwanza kumpeleka chooni, kisha kumpa chai, kisha kumuuliza nyumbani kuna nini, ng'ombe wangapi, nani anawakamua. Kwa hawa wawili tumeongeza alama nzima.

Chakula

Jikoni ni pasafi na orodha ya wiki inafuatwa. Kosa ni githeri mara tatu kwa wiki. Mahindi magumu na meno machache haviendani, na ugonjwa ukisonga kumeza kwenyewe huwa shida: punje na ugali mkavu huingia njia ya hewa, kisha nimonia. Omena zina mifupa na vichwa. Kwa mzee anayekohoa akila, badala yake ni uji mzito wa wimbi, viazi vilivyopondwa na maziwa, mrenda, ndizi, mayai, samaki aliyechambuliwa mifupa kwa mkono. Akae wima kabisa wakati wa kula na abaki wima nusu saa baadaye. Mhudumu aketi, asimlishe akiwa amesimama.

Sahani zao ni nyeupe. Ugali mweupe juu ya sahani nyeupe hauonekani, mzee anakula mboga tu na wanaandika kwamba amekinai. Nunua sahani mbili za plastiki nyekundu au za samawati, uandike jina chini.

Maji huwekwa mezani kwenye jagi, na anayesahau kiu hanywi. Inatakiwa kikombe kutiwa mkononi mara sita hadi nane kwa siku, na iandikwe. Mwili ukikauka, mkojo hupata maambukizi, na maambukizi ya mkojo kwa mzee hayaji na homa kila mara. Huja na kuchanganyikiwa. Ukisikia kwamba mama amebadilika tangu juzi, haamki, au anaona watu ukutani, hiyo si dimenshia iliyosonga mbele. Dimenshia husonga kwa miezi. Mabadiliko ya siku mbili yanataka kupimwa mkojo, sukari, kifua, kufunga choo, na malaria kama alikuwa ukanda wa ziwa wiki za karibuni. Muuguzi wa Nakuru hana mazoea ya kufikiria malaria kwanza kama mwenzake wa Kisumu, kwa hivyo mwambie mzee alitoka wapi na lini.

Dawa

Hapa tuliondoa alama tatu. Kwenye karatasi za dawa, wazee kadhaa wana haloperidol, dawa kali ya kutuliza akili, au dawa ya usingizi iliyoandikwa itolewe inapohitajika. Nani anaamua kwamba inahitajika? Mhudumu mmoja wa usiku mwenye wazee kumi na wanne. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua jibu.

Dawa za kundi la haloperidol, risperidone na olanzapine zina mahali pake kwa muda mfupi, mtu anapokuwa hatari kwake au kwa wenzake. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka mwaka 2005 onyo lake kali kabisa kwenye dawa mpya za kundi hili, na mwaka 2008 ikaliongeza kwa zile za zamani: huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Diazepam, dawa ya usingizi, huwaangusha. Na Piriton, ile tembe ya mafua inayouzwa kila duka la dawa na kupewa wazee ili walale, huzuia kemikali ile ile ya ubongo ambayo dawa ya kumbukumbu kama donepezil inajaribu kuihifadhi. Ukimpa zote mbili unavuta kamba ncha zote mbili.

Taka kifungu kwenye mkataba: hakuna dawa ya kutuliza bila maandishi ya daktari yenye kipimo na tarehe ya mwisho, na familia ijulishwe siku hiyo hiyo. Uongozi ulikubali kukiandika pale ulipoombwa, ila haukitoi wenyewe. Peleka dawa zake kwenye paketi zilizotoka dukani, si kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na karatasi moja yenye jina la dawa, kipimo, saa na sababu. Na makao yana ukarimu wa kupokea barua yoyote ya daktari iliyoandikwa dimenshia. Usiutumie ukarimu huo. Kabla ya kuhama, mzazi awe amepimwa vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, figo, kaswende na virusi vya ukimwi, na kama aliwahi kugonga kichwa, apigwe picha ya CT, kwani damu iliyoganda juu ya ubongo inaweza kuondolewa na akili ikarudi. Anzia hospitali ya rufaa iliyo karibu: Nakuru, au Jaramogi kule Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia.

Mkataba na fedha

Fomu ya tathmini ni kazi nzuri. Inauliza mambo sita moja baada ya jingine: kuoga, kuvaa, kwenda choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, kula. Jibu kwa ukweli. Familia hupunguza ili mzazi asikataliwe, halafu wiki ya pili makao yanapandisha ada kwa haki kabisa.

Ada haina ndani yake nepi, dawa, ada ya daktari, ambulensi, wala mhudumu wa kukaa naye akilazwa. Nepi za watu wazima huenda nne hadi tano kwa siku, yaani 120 hadi 150 kwa mwezi. Nunua kwa katoni, kwa kuwa ukizichukua kwao moja moja utalipa zaidi. Dipoziti ni ya mwezi mmoja. Notisi ni siku 30, na hata akifariki siku ya tatu ya mwezi, mwezi wote umelipwa. Kifungu hicho tuliona kinafaa kubishaniwa. Akilazwa hospitali, kitanda kinaendelea kulipiwa kikamilifu. Kwingine hutoza nusu, kwa hivyo taja.

SHA, bima ya afya ya serikali, hailipii malazi ya namna hii. Mchango wake hata hivyo usikatike, kwa sababu siku ya nyonga kuvunjika ndiyo itatakiwa. Pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, hazitoshi siku moja hapa, kwani 70,000 ukigawa kwa 30 ni zaidi ya 2,300. Familia zinazoweza kukaa mwaka ni zile zilizoandika mapema nani anatoa kiasi gani na tarehe gani, na jina la mmoja tu wa kuzungumza na makao. Watoto watano wakipiga simu kila mmoja na agizo lake, wahudumu humtii wa mwisho.

La kisheria halisubiri. Hati ya uwakili, ile mzazi anayotia sahihi mbele ya wakili kumpa mtoto mamlaka ya benki na shamba, hufaa akiwa bado anaelewa anachotia sahihi, na nguvu yake huisha akili ikishaondoka. Baada ya hapo ni kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili, safari ya miezi. PIN ya M-Pesa iliyoandikwa nyuma ya simu si mpango wa kisheria, ingawa ndio unaotumika zaidi.

Watakaosema mmeenda kumtupa mzazi hawatakosekana, hasa matangani. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Haisemi ni chini ya paa la nani.

Siku ya kuhama

Makao yalipendekeza kupokea wazee saa kumi jioni, kazi za ofisi zikiisha. Kataa. Fika kati ya saa nne na saa tano asubuhi, Jumanne au Jumatano, zamu ikiwa imejaa na bado kuna saa nyingi za jua kabla ya giza. Kutoka Kisumu ni karibu kilomita 180 kupitia Kericho, saa tatu hadi nne. Kwa hivyo ondoka kabla ya jua kuchomoza, simama Kericho kwa choo hata kama hajaomba, na funga kufuli ya watoto ya mlango wa nyuma. Watu wawili wanatosha kumsindikiza. Gari lenye shangazi wanne wanaolia humwambia kuna msiba.

Mmoja atangulie jana yake kuandaa chumba. Kitanda kikae upande ule ule wa ukuta kama nyumbani, ili akiamka gizani mguu utue palipozoeleka. Leso yake, mto wake bila kufuliwa upya, saa kubwa ya ukutani, picha za ujana wake zenye majina, maana hawatambui wajukuu ila humtambua kaka yake. Redio iliyofungwa kwenye stesheni ya lugha yake, Ramogi au Mulembe, kitufe kikiwa kimefunikwa kwa plasta. Nguo seti saba, za kufungwa kwa mpira badala ya vifungo, jina limeshonwa kwa uzi na si kwa kalamu, kwani kufua kwao ni kwa maji ya moto. Chupi kumi. Viatu jozi mbili vilivyofungwa nyuma, visiwe malapa. Miwani ya akiba. Meno ya bandia kwenye kikombe chenye jina. Hati za shamba, dhahabu na fedha zibaki nyumbani. Tengeneza pia bangili yenye namba mbili za simu, na umpige picha mpya ya uso na ya mwili mzima, iwe tayari kama atapotea. Akipotea, polisi waambiwe saa hiyo hiyo. Kusubiri saa 24 ni uzushi.

Usimwambie anakuja hospitali. Atangoja kuruhusiwa, na kila siku atakusanya nguo zake akingoja. Mwambie lililo kweli kwa kiasi anachobeba: utakaa hapa, wanaangalia presha yako, mimi nitakuja Jumamosi. Kaa naye hadi chakula cha mchana kiwekwe, kisha ondoka akiwa anakula, bila kuaga kwa machozi langoni.

Makao yanaomba familia isije wiki mbili za kwanza ili azoee. Hatukubaliani nalo. Zoea lao ni la utulivu wa zamu. Ziara fupi ya dakika arobaini, saa tano asubuhi, mara mbili kwa wiki, humsaidia mzee na huwafanya wahudumu wajue kuna macho. Jioni usiende, ukiondoka gizani atakufuata.

Apimwe uzito siku ya kwanza, mbele yako, na kila mwezi baadaye. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia tano, daktari aitwe. Kwenye ziara mvue soksi utazame visigino. Mhudumu mzuri hatachukia.

Kisumu, kwa ufupi: kama familia iko huko, lugha itakuwa nafuu na ziara pia. Kagua chandarua, kiwe kimechomekwa chini ya godoro pande zote kisimnase miguu akiamka, na feni. Hesabu ya zamu ni ile ile.

Makao haya ya Nakuru yanamfaa anayetembea, anayelala usiku, na anayeelewa Kiswahili bado. Wa kugeuzwa kitandani asiletwe kabla hawajaongeza mtu wa usiku. Uongozi unasema gharama itakuwa kubwa kwa familia. Nafasi moja ya usiku ni saa 84 kwa wiki, waajiriwa wawili. Hata kila mmoja akilipwa shilingi 25,000, ni 50,000 kwa mwezi. Gawa kwa vitanda 14, haifiki 3,600 kwa kila familia. Wengi wao hawajawahi kuulizwa kama wangelipa.